Rangi ya Kuzuia Moto na Mzee Tanuri

Mzee Tanuri hakuwahi kuamini kitu chochote cha dukani bila kwanza kukisogeza karibu na moto. Ukimletea shati jipya, atachomoa uzi mmoja auunguze aone kama ni pamba kweli. Ukimletea sufuria, ataipasha tupu mpaka ilie. Mkewe alijua hivyo tangu zamani, kwa maana hata yeye, alipokuja kwao mara ya kwanza kutazamwa, alikalishwa karibu na mdomo wa tanuri ili ionekane kama ni mtu wa kulalamika. Hakulalamika. Alisogeza kiti kidogo, akaomba maji, akaolewa.

Mtaani walimwita Mzee Tanuri kwa sababu maisha yake yote alikuwa mwokaji wa mikate na keki. Alikuwa amestaafu, lakini mikono yake ilikuwa bado haijapata habari. Akikaa kusikiliza redio, vidole vilikanda mto wa kochi mpaka pamba ikachungulia pembeni. Bibi aliushona. Kesho yake aliushona tena.

Pale nyumbani waliishi watu watatu na nusu, kama Mzee alivyopenda kusema. Yeye, Bibi, mkwe wao, na mjukuu ambaye alikuwa hajafika kimo cha meza. Mtoto wao wa kiume, mume wa huyo mkwe, aliendesha malori ya safari ndefu na alionekana nyumbani kama mgeni wa heshima: anakula, analala, anaondoka. Mjukuu waliyemwita Kijiko alikuwa hakubali kwenda popote bila kijiko mkononi. Alilala nacho. Alikwenda nacho msalani. Ukimwuliza cha nini, alikutazama kama vile wewe ndiye mjinga.

Mkwe alikuwa mwalimu wa watoto wadogo. Shule aliyofundisha ilifungwa, akakaa nyumbani kwa muda akipanga na kupangua, mwisho akaja na wazo: sebule ni kubwa, ina madirisha mawili na mlango wake wa nje, kwa nini asifungue hapo kituo cha kulelea watoto wa majirani? Bibi alifurahi mpaka akachanganya chumvi na sukari kwenye chai. Lakini mkwe alikuwa mtu wa kusema yote.

"Mama, nisikufiche. Kuna shule huko mbali wameniita, na wana nyumba ya walimu. Kibali cha kituo kikitoka, nabaki. Kisipotoka, mwisho wa mwezi tunaondoka, mimi na Kijiko."

"Sawa mwanangu," Bibi akasema.

Siku ile ile sanduku la safari liliteremshwa kutoka juu ya kabati, likawekwa ukumbini lipigwe na hewa. Bibi akawa kila akipita hapo anapita upande upande, kama mtu anayepishana na mbwa asiyemjua.

Kibali kilimtegemea mkaguzi wa majengo. Alikuja binti mmoja mwembamba mwenye viatu vizito, tochi kiunoni na kinyundo kidogo mfukoni. Hakuwa msemaji. Alitazama madirisha akasema, "Mm." Alitazama mlango wa nje akasema, "Mm." Bibi akamfuata nyuma na birika, na kabla hawajamaliza sebule alikuwa ameshajua kuzitofautisha zile mm zake: fupi ni nzuri, ndefu ni mbaya.

Walipofika jikoni akagonga ukuta kwa kile kinyundo. Ko, ko, ko.

"Mmmmm," akasema.

Moyo wa Bibi ukashuka mpaka kwenye kandambili.

Ukuta uliotenganisha jiko na sebule ulikuwa wa mbao. Mzee mwenyewe ndiye aliyeujenga, zamani, na alijivunia kila msumari.

"Ukuta huu unapakana na moto wa kupikia," mkaguzi akasema, "na upande wa pili watalala watoto. Kanuni za ujenzi zinataka uweze kushikilia moto nusu saa, ili watoto wote watolewe nje. Ama mbomoe mjenge wa matofali, ama mpake rangi ya kuzuia moto. Lakini iwe ile iliyopimwa na yenye cheti, na ipakwe na fundi anayeijua."

"Rangi," Mzee akarudia.

"Ndiyo, mzee wangu."

"Ya kuzuia moto."

"Ndiyo."

Mzee akamtazama mkewe kwa jicho la mtu aliyeambiwa kwamba mvua inazuiliwa kwa wimbo. Mgeni alipoondoka tu, akalipuka. "Mimi! Mimi niliyeunguzwa nyusi mpaka zikakata tamaa kuota! Leo naambiwa moto unazuiliwa kwa brashi!"

"Mbona unanipigia kelele mimi? Si mimi niliyeitengeneza."

"Nasema tu."

"Basi sema ukiwa umekaa, chai inapoa."

Fundi rangi alikuja na makopo yake mazito, mtu mnene, mpole, anayeongea na ukuta akiwa kazini. Bibi alimpenda kutoka dakika ya kwanza, kwa sababu alikuta viatu vya Kijiko vimezagaa chini ya ukuta, na badala ya kuvisukuma kwa mguu kama mafundi wengine, aliinama akavipanga jozi kwa jozi. Alipiga msasa, akapangusa vumbi, akaanza kupaka. Rangi ilikuwa nyeupe, nzito kama maziwa mgando. Kila baada ya kipande alichomeka kwenye rangi mbichi kijibati chenye meno kama kitana, akatazama, akatikisa kichwa, akaongeza.

"Unaichana nywele?" Mzee akamwuliza.

"Napima unene, mzee. Hii ikipakwa nyembamba haifanyi kazi. Unajua, rangi hii ikipata moto, ina tabia moja, huwa ina..."

"Kijana," Mzee akamkata, "usinifundishe mambo ya moto. Mimi na moto tumekula sahani moja." Akatoka zake uani, akakaa huko akijisifu mbele ya kuku wa jirani.

Fundi akacheka taratibu, akaendelea kuongea na ukuta. Na hapo ndipo mambo yalipoharibikia, kwa sababu lile neno alilokatizwa ndilo neno lenyewe lililotakiwa kusikika.

Rangi ilikauka vizuri. Jiko likang'aa mpaka Bibi akaona haya kukaanga vitunguu. Mkaguzi akaagiza kwamba atakuja kesho asubuhi kuangalia mara ya mwisho. Mkwe akaenda kununua mikeka ya watoto kulalia, Kijiko akafuatana naye, na kijiko chake. Bibi akaenda sokoni. Mzee akabaki peke yake na ukuta.

Bibi aliporudi, alikuta madirisha yote yako wazi na Mzee amekaa jikoni, mgongo ameuegemeza ukutani, pale pembeni nyuma ya mlango, chini kabisa, juu ya kigoda cha kuchambulia mchele. Hajawahi kukaa hapo tangu nyumba ijengwe.

"Umerudi, mama," akasema. "Leo umependeza."

Bibi akaweka kikapu chini. Alikuwa amevaa khanga ya kufulia.

"Unaumwa?"

"Sijambo kabisa."

Kulikuwa na harufu ya mshumaa. Kulikuwa na ndoo ya maji kando ya mlango, na ndoo nyingine ya maji, na ya tatu ina mchanga. Na kwenye kabati, chini ya sahani iliyopinduliwa, Bibi akakuta bakuli lenye viini vya mayai vitupu, vya manjano, vinamtazama kama macho.

Hapo akatabasamu peke yake. Mwanamke aliyekaa na mwokaji hahitaji kuambiwa. Viini vikibaki, maana yake ute umetumika. Na Mzee alitumia ute wa yai kwa kazi moja tu maishani, kuupiga na sukari ya unga mpaka upate ule weupe mzito wa kupambia keki, unaokauka ukawa mgumu kama kauri. Kumbe anamwokea mkwe keki ya siri! Kesho kibali kikitoka, atamshangaza. Na mshumaa bila shaka ni wa kuweka juu. Ndoo hakuzielewa, lakini wanaume wakizeeka huwa na mambo yao. Bibi akafunika bakuli vile vile alivyolikuta, asimharibie raha yake.

Jioni ile Mzee hakunyanyuka pale kwenye kigoda. Alikula hapo hapo. Mkwe akauliza, "Baba, mbona umejibana huko?"

"Nausikiliza ukuta," akasema.

"Unasemaje?"

"Umenyamaza."

Asubuhi Kijiko ndiye aliyeamka wa kwanza. Akamjia Bibi akinyonya kidole.

"Bibi, ukuta wetu mtamu."

"Ndiyo, mama. Ukuta wetu ni mzuri sana," Bibi akasema, akamfuta mdomo. Kwa nini mdomo ulikuwa na unga mweupe, hakujiuliza. Alikuwa na wageni wa kufagilia.

Mkaguzi akafika na viatu vyake vizito. "Shikamoo Bibi. Shikamoo Mzee." Mkwe alikuwa amevaa gauni lake la kwenda kazini, mikono ameikunja kama mtoto wa kwaya. Sebule ikapita. Mm fupi. Mikeka mipya, mm fupi. Mlango wa nje, mm fupi sana. Bibi alikuwa anazipokea moja moja kama zawadi. Wakaingia jikoni. Mkaguzi akaangaza tochi juu ya ukuta, akaishusha katikati, akaishusha zaidi.

Mzee alikuwa kwenye kigoda chake.

"Mzee wangu, nipishe kidogo nione hapo."

"Hapa ni kama kule kwingine, binti yangu. Umeona kule, umeona na hapa."

"Lazima nione pote."

"Miguu yangu imekufa ganzi."

"Nitakusaidia kunyanyuka."

Na akamsaidia kweli, akamshika kwapa kwa upole kama anamnyanyua baba yake. Mzee aliponyanyuka, wote wakaona sisimizi.

Walitoka kwenye ufa wa sakafuni, wakapanda ukutani kwa mstari mmoja ulionyooka, wakaingia kwenye duara jeupe lenye ukubwa wa sahani. Wengine walikuwa wanarudi, kila mmoja na mzigo wake mweupe kichwani. Pembeni mwa lile duara palikuwa na mikwaruzo, na mikwaruzo yenyewe ilikuwa na umbo la ncha ya kijiko.

Mkaguzi akawasogezea tochi.

"Miaka yangu yote katika kazi hii," mkaguzi akasema, "sijaona sisimizi wanakula rangi ya kuzuia moto."

"Ni mtamu," Kijiko akaeleza, kwa huruma, maana aliona watu wazima hawaelewi.

Mkaguzi akachutama, akagusa kwa kidole, akanusa. Kisha akagonga kwa kinyundo. Kipande cha lile duara kikadondoka sakafuni, kikavunjika kama sahani ya kauri, sisimizi wakatawanyika. Chini yake kukaonekana kitu cheusi chenye mapovu mapovu, kama mkate ulioungua.

Bibi akakumbuka viini. Akakumbuka mshumaa, na ndoo, na "leo umependeza." Akaziba mdomo kwa upindo wa khanga.

"Mzee," akasema taratibu. "Umeupamba ukuta kama keki?"

Kijasho chembamba kilikuwa kinamtoka Mzee Tanuri. Akakaa tena kwenye kigoda.

"Nilitaka kujua tu," akasema. "Watoto wa watu watalala nyuma ya ukuta huu. Na huyu wetu pamoja nao. Ningewezaje kuamini maneno ya kwenye kopo? Nikawasha mshumaa, nikaushika hapo chini, pembeni, pasipoonekana. Padogo tu. Mara rangi ikaumuka! Naapa, ikaumuka kama unga uliotiwa hamira, ikavimba hivi, ikawa nyeusi. Nikasema, nimeiharibu. Mkwe wangu nimemkosesha riziki."

"Halafu?" mkwe akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Halafu nikafanya kama tunavyofanya unga ukiumuka kupita kiasi. Nikaupiga ngumi, ukashuka."

"Ukuta, Baba? Umeupiga ngumi ukuta?"

"Ukatulia kabisa. Ila ukabaki na shimo. Sasa shimo kwenye ukuta mweupe nalijaza na nini? Mimi najua kitu kimoja tu cheupe kinachokauka."

"Na ndoo?" Bibi akauliza.

Mzee akainamisha kichwa. "Nilijua hapo pameharibika. Nikasema basi, ukuta usiposhika, nitashika mimi. Nitakaa hapa kila siku na maji yangu na mchanga wangu, watoto wakiwa wamelala."

"Mpaka lini?"

"Mpaka wakue."

Mkwe akageuka, akatazama mlangoni. Kutoka pale jikoni sanduku la safari lilionekana, limesimama ukumbini kama mtu aliyevaa viatu tayari. Bibi aliona alichokuwa anakitazama. Hata Kijiko aliteremsha kijiko.

Halafu mabega ya mkwe yakaanza kutikisika. Bibi alidhani analia, akasogea amshike. Kumbe anacheka. Alicheka mpaka akashika meza, mpaka machozi yakamtoka, ya kicheko na ya kweli yakachanganyika. "Sukari ya unga," akawa anasema. "Mungu wangu! Baba kapaka ukuta sukari ya unga!" Bibi naye akashindwa kujizuia. Mkaguzi aliuma mdomo wake kwa nguvu zote za serikali, lakini pua ikamsaliti.

Alipotulia, akatoa kijisu, akachutama tena. Akakwangua ile sukari yote. Akakwangua yale mapovu meusi, taratibu, mpaka akafika kwenye mbao. Akaimulika kwa tochi.

"Mzee wangu, njoo uone."

Mzee akapiga magoti kwa shida, Bibi akimshika mkono. Mbao ilikuwa kama ilivyokuwa siku aliyoipigilia. Haikuungua. Haikugeuka hata rangi. Mstari wa randa yake mwenyewe ulionekana pale.

"Ulishika mshumaa muda gani?"

"Mpaka ukaniunguza kidole. Nilikuwa nimeduwaa kwa jinsi ilivyoumuka."

"Basi hukuharibu kitu. Hivyo ndivyo inavyofanya kazi. Ikipata moto inavimba, inakuwa kama godoro kati ya moto na mbao. Ule uvimbe ndio unaozuia."

Mzee Tanuri akakaa sakafuni, kwenye vumbi la sukari.

"Kumbe ni hamira," akasema.

"Ni kama hamira," mkaguzi akakubali.

"Sasa mbona hakuna aliyeniambia?"

Bibi akamtazama. Mzee akaliona lile jicho, akakumbuka uani na kuku wa jirani, akakohoa.

"Lakini," mkaguzi akasema akinyanyuka, "siwezi kupitisha leo. Rangi iliyokwisha kuvimba haivimbi mara ya pili. Hapo pana tundu."

Mkwe akaitikia kwa kichwa kwamba ameelewa. Hakubisha. Bibi ndiye aliyeuliza, kwa sauti ya kuomba radhi, "Na mkirudi tena, ni zamu ya mwezi ujao?"

"Kwa kawaida ndiyo." Binti akatazama ndoo za Mzee, moja baada ya nyingine, na kile kigoda kidogo. Akavuta pumzi. "Nyumba yangu iko njia hii hii. Fundi akiparudia kwa rangi ile ile na pakakauka sawasawa, nitapita Jumamosi nikienda sokoni. Lakini nisikute hata sisimizi mmoja."

"Mm," Bibi akasema. Fupi.

Fundi rangi alikuja siku ile ile na kopo lililobaki. Walimweleza, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaufuta ukuta kwa maji ya moto mpaka utamu wote ukatoka, akisema na ukuta kwa sauti ya chini, "Pole, pole sana, najua." Hakumcheka Mzee hata mara moja. Na Mzee alikaa kwenye kigoda kama mwanafunzi, mikono magotini.

"Ehe. Ulisema ina tabia gani?"

"Inavimba, mzee."

"Kwa joto la kiasi gani? Na ikivimba, inapanda kwa pamoja au inaanzia kingo? Maana mkate mzuri..."

Wakaongea mpaka rangi ikawa karibu ikaukie kwenye brashi. Bibi aliwakaangia vile viini, wakala wote wawili kwenye sahani moja.

Jumamosi mkaguzi alipita akiwa na kikapu, bila kinyundo. Akagonga kwa kifundo cha kidole. Akamulika. Akatafuta sisimizi kwa makini kuliko alivyotafuta kitu kingine chochote. Kisha akasema mm fupi kuliko zote, akatia saini akiegemea meza ya jikoni, na kabla hajaondoka akala kipande cha keki, safari hii keki ya kweli. Mzee alikuwa ameipamba kwa sukari nyeupe, duara, ukubwa wa sahani.

Kituo kikafunguliwa. Siku ya kwanza mama mmoja alileta mwanawe, akasimama mlangoni kwa wasiwasi, akauliza kama ule ukuta wa mbao hauna hatari. Mkwe akafungua mdomo, lakini Mzee Tanuri alikuwa ameshasimama.

"Ukuta huu, mwanangu, ikitokea balaa unavimba wenyewe. Una hamira ya kitaalamu, na cheti. Mimi mwenyewe nimeupima. Ngoja nikuoneshe, ni dakika moja tu..."

"Baba," mkwe akasema, akanyoosha kiganja.

Mzee akamtazama. Akamtazama Bibi, ambaye alikuwa anashona mto wa kochi na hakuinua macho. Taratibu akaingiza mkono mfukoni, akatoa kibiriti, akakiweka kwenye kiganja cha mkwe.

"Na kile kingine."

Akatoa na kile kingine.

Watoto walipolala mchana, Bibi alipita ukumbini na shuka mikononi, akapita upande upande kama alivyozoea, hadi akashtuka kwamba hakuna tena cha kupishana nacho. Sanduku lilikuwa limerudishwa juu ya kabati. Hakuuliza nani kalirudisha. Jikoni, kando ya ule ukuta mweupe, Mzee alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, ndoo moja tu ya maji miguuni, amesinzia. Na vidole vyake, juu ya goti, vilikuwa vinakanda. Bibi akamfunika shuka, akaiacha ndoo palepale.